Miezi minane na systemd ndani ya Raspberry Pi: friza ya mjomba, Mji wa Kale

Nianze na alama kabisa ninayoipa systemd, ile programu ya Linux inayowasha na kusimamia programu nyingine: nyota nne kwa tano. Ile moja niliyoikata nitaieleza, maana ilinigharimu samaki wa mjomba.

Mjomba wangu ni muuza samaki, Mji wa Kale. Kabla kusi haijachafua bahari hujaza friza zake nguru na changu, kwa sababu ikishavuma ngalawa hazitoki na bei inapanda. Kazi aliyonipa ilikuwa ndogo: friza ikipanda joto, simu yake ilie. Nikachukua Raspberry Pi Zero 2 W, kompyuta ndogo yenye RAM ya megabaiti 512, nikaiunga na kipimajoto cha DS18B20, nikaandika skripti ya Python inayosoma joto kila dakika na kutuma ujumbe wa Telegram mambo yakiharibika.

Skripti ilinichukua jioni moja. Kuifanya iwake yenyewe na ibaki hai wakati mimi niko kwangu Kisauni nimelala, hapo ndipo nilipokaa wiki kadhaa.

Mwanzo nilitumia rc.local, faili la amri zinazokimbia mara moja mashine ikiwaka, kama tulivyozoea. Stima inarudi, Pi inawaka, skripti inakimbia kabla Wi-Fi haijashika, inaanguka, basi. Hakuna wa kuiinua. Rafiki yangu mmoja fundi akanicheka: systemd si imo humo humo? Na kweli, Debian, mojawapo ya mifumo ya Linux, iliifanya ndiyo chaguo-msingi tangu toleo la 8 mwaka 2015, na mfumo wa Raspberry Pi umejengwa juu ya Debian. Nilikuwa nimekalia kigoda nikitafuta kiti.

Faili ya huduma, ile inayoiambia systemd iendeshe programu gani na vipi, haifiki mistari kumi na tano. Unaiweka /etc/systemd/system, unaandika njia kamili ya programu kwenye ExecStart, User yako isiwe root (msimamizi mkuu wa mashine), Restart=always ili ikianguka iinuliwe, halafu systemctl daemon-reload ili systemd isome faili upya, na systemctl enable --now. Mgeni asichanganye: start inawasha sasa hivi tu, enable ndiyo inayoifanya iwake kila mashine inapowaka. Mimi nililisahau hilo mara mbili.

Nikajiona nimemaliza. Usiku mmoja stima ikapotea, ikarudi alfajiri. Swichi ya friza moja ikabaki imejizima. Asubuhi simu kimya. Saa nane mchana mjomba akafungua friza, samaki wamelegea.

"Mpwa wangu, mashine yako nayo hulala?"

Sikuwa na jibu. Nikafungua logi kwa amri ya journalctl -u na jina la huduma yangu, na habari yote ilikuwa pale. Rauta huchukua kama dakika mbili kupata intaneti. Skripti ilianguka kwa kukosa mtandao, systemd ikaiinua baada ya milisekunde 100, ikaanguka, ikainuliwa tena. Ilipofika mara ya tano ndani ya sekunde 10, systemd ikaona huyu ni mgonjwa asiyepona, ikamwacha. Neno always halina maana ya "daima" hadi uliachie nafasi. Hiyo ndiyo nyota niliyoikata: kipimo hicho huenda kina mantiki kwenye seva yenye msimamizi karibu, lakini kwa kifaa kilichofichwa nyuma ya friza ni mtego.

Dawa ni mstari mmoja, RestartSec=30. Ukingoja nusu dakika kati ya majaribio huwezi kufika mara tano ndani ya sekunde 10. Mimi nimeongeza na StartLimitIntervalSec=0 kwenye sehemu ya [Unit], inayofuta kabisa kikomo hicho, kwa woga tu. Nimeweka pia Wants na After za network-online.target, ile hatua ya kuwaka inayongoja mtandao, zote mbili, kwa kuwa After peke yake hupanga foleni tu, haimwiti mtu; Wants ndiyo inayoita. Hata hivyo usiitegemee sana. Inangoja Pi yako ipate mtandao wa rauta, haijui kama intaneti ya nje imefika. Skripti yenyewe lazima ivumilie.

Kilichonifurahisha zaidi ni WatchdogSec, mlinzi anayeiangalia programu kama bado inajibu. Kuna siku skripti haikuanguka, ilikwama tu ikingoja jibu la mtandao ambalo halikuja. Restart haisaidii hapo, kwa sababu kwa macho ya systemd programu ingali hai. Nikabadilisha Type iwe notify, yaani skripti yenyewe iwe inaipa systemd taarifa, nikaweka WatchdogSec=180, na skripti kila ikimaliza kusoma joto inatuma neno WATCHDOG=1. Ikinyamaza dakika tatu inauawa na kuwashwa upya. Tangu siku hiyo sijapanda tuktuk kwenda kuchomoa waya na kuuchomeka.

(Kando kidogo: DS18B20 ikipata stima huanza na namba 85 kabla ya kupima lolote. Ujumbe wa kwanza kabisa aliopata mjomba ulisema friza ina nyuzi 85. Akanipigia kuniuliza kama samaki washaiva. Ichujeni hiyo namba.)

Saa nayo ina kero zake. Zero 2 W haina betri ya saa, kwa hiyo baada ya stima kurudi, logi huandika muda wa nyuma mpaka mtandao uirekebishe. Ukisoma matukio ya alfajiri, usiamini saa za mwanzo.

Kuhusu logi hizo, nimeweka Storage=volatile kwenye journald.conf, faili ya mipangilio ya logi za systemd, ili zikae kwenye RAM, kwa kuwa kuandika kila dakika kunachosha memori kadi, na kadi moja ilishanifia. Hasara yake naijua: stima ikikatika, ushahidi wa kilichotangulia unapotea nayo. Nimechagua kadi.