The Wizard of Oz kwenye diski ya 4K: mafumbo yaliyofumbuka na yaliyogoma

Hii si tathmini ya filamu. Filamu ya 1939, ya Dorothy, msichana wa shamba la Kansas anayejikuta katika nchi ya ajabu ya Oz, haihitaji nyota zangu. Ninachopima ni diski ya 4K (picha yenye nukta mara nne ya Blu-ray ya kawaida) iliyotoka 2019, na ninaipima kwa kazi moja tu: kutazama kila kona ya picha na kumaliza ubishi ambao mashabiki wameurithi tangu enzi za kanda za VHS. Ukitaka nyimbo na burudani, DVD ya zamani inatosha, Judy Garland, anayeigiza Dorothy, anaimba vilevile. Ukitaka kujua ni nini kile kinachoning'inia msituni, na Scarecrow, yule sanamu wa majani aliye hai, alipata wapi bastola, endelea kusoma.

Kwanza vyombo. Diski za 4K hazifungwi kwa kanda za dunia, kwa hiyo iliyonunuliwa Marekani itacheza popote. Ile Blu-ray inayokuja kwenye kasha hilohilo inaweza kufungwa, soma nyuma ya kasha kabla ya kulipa. Ukiagiza deki kutoka Marekani, angalia kibandiko cha umeme: kama kimeandikwa volti 120 peke yake, usiichomeke kwenye soketi ya volti 240 bila transfoma. Manukuu ya Kiswahili hakuna. Washa ya Kiingereza, hasa kwenye nyimbo za Munchkin, wale watu wafupi wa Oz, maana hata mzaliwa wa Kansas hakamati maneno yote.

Kisha ingia kwenye mipangilio ya TV na uzime ile huduma ya kulainisha mwendo. Inabuni picha za kati ambazo kamera haikuzipiga, na anayetafuta dosari atajikuta anachunguza kazi ya TV badala ya kazi ya mwaka 1939. Ukali wa picha ushushe karibu na sifuri. Umbo la picha liache lilivyo, karibu la mraba, lenye nafasi nyeusi kushoto na kulia. Wapo wanaolivuta lijaze kioo, halafu wanashangaa kwa nini Munchkin wamenenepa. Mwisho, hakikisha deki yako inaweza kusogeza fremu moja moja ikiwa imesimamishwa. Sekunde moja ya filamu hii ina fremu 24, na baadhi ya mambo nitakayoyataja huhitaji kuzipitia moja baada ya nyingine.

Onyo kuhusu HDR, mfumo unaopanua tofauti kati ya mwanga na giza kwenye picha: TV nyingi za bei nafuu zina neno hilo kwenye boksi ila mwanga wa kutosha hazina. Kwenye TV ya namna hiyo ngome ya Mchawi wa Magharibi, adui wa Dorothy, inakuwa giza tupu, na Blu-ray ya kawaida itakufaa zaidi.

Picha yenyewe ni bora kuliko toleo lolote la nyumbani nililowahi kulitazama, na sababu yake ni ya kiufundi. Kamera ya Technicolor, mfumo wa filamu za rangi wa enzi hizo, ilikuwa inapitisha negativu tatu za nyeusi na nyeupe kwa wakati mmoja, kila moja ikibeba sehemu yake ya rangi. Negativu za namna hiyo hazipauki rangi, kwa kuwa rangi hazina. Zilipoingizwa kwenye kompyuta kwa kiwango cha 8K, zikalinganishwa upya hadi zikakaa moja juu ya nyingine sawasawa. Ndiyo maana unahesabu ribiti za Mtu wa Bati, na unaona mahali ambapo gunia la uso wa Scarecrow linaishia na ngozi ya Ray Bolger, mwigizaji wake, inaanza.

Sehemu ya Kansas, inayofungua na kufunga filamu, ni habari nyingine. Negativu za sehemu hiyo ziliteketea kwa moto mwaka 1978, hivyo kilichopo kimetoka kwenye nakala. Ni laini zaidi na chembe zake ni nzito. Usihangaike na TV yako, haina kosa. Na kama unakumbuka Kansas ikiwa nyeusi na nyeupe kabisa, kumbukumbu yako ni sahihi: kuanzia 1949 ilionyeshwa hivyo, na ule wekundu wa kahawia wa awali ukarudishwa 1989.

Sasa mafumbo. Maarufu kuliko yote ni la Munchkin aliyejinyonga. Dorothy, Scarecrow na Mtu wa Bati wanaondoka kwenye kibanda wakicheza barabarani, na nyuma kabisa, kati ya miti, kitu cheusi kinasogea. Kwenye VHS lilikuwa doa tu, na doa unaweza kulipa jina lolote. Kwenye 4K, simamisha pale wanapoanza kutupa mgongo, kisha sogeza fremu moja moja: shingo ndefu inainama, bawa linafunguka, linafunga. Ni ndege mkubwa, mmoja wa waliokodiwa kupamba msitu wa studio. Rudi nyuma kidogo katika tukio hilohilo utamkuta amesimama wazi, wala hajifichi. Mwenye kuendelea kubishana baada ya hapo ana shida nyingine.

Mlango ambao Dorothy anaufungua kuingia Oz, karibu na dakika ya 20, umenifurahisha zaidi. Wengi huamini rangi iliongezwa baadaye kwenye filamu ya kahawia. Sivyo. Tukio zima lilipigwa kwa Technicolor, ndani ya nyumba iliyopakwa rangi ya kahawia, na mwanamke anayefungua mlango ni mbadala wa Garland aliyevishwa gauni la kahawia. Anafungua, anarudi nyuma hadi nje ya picha, na kamera inasonga mbele kuelekea nje. Kisha Garland anaingia akiwa na gauni la buluu. Mtazame yule wa kwanza: uso wake huupati hata mara moja, mgongo na mkono tu.

Dakika chache baadaye Mchawi wa Magharibi anaondoka kwa Munchkin katikati ya moshi mwekundu. Sogeza polepole. Moshi unafoka mapema, kabla hajafika sawasawa kwenye mlango wa sakafuni unaomshusha. Ndiyo maana walitaka kurudia, na katika kurudia, tarehe 23 Desemba 1938, moto ulimuunguza Margaret Hamilton, aliyeigiza mchawi huyo, usoni na mkononi. Akakaa nje ya kazi wiki kadhaa. Kipande tunachokiona ni kile cha kwanza, chenye kasoro.

Viatu vyekundu vya Dorothy vinafaidika na HDR kuliko kitu kingine chochote. Vimefunikwa vipande vidogo vya kung'aa vya rangi nzito, karibu na damu ya mzee, kwa kuwa wekundu mkali ungetoka kama chungwa mbele ya Technicolor. Kwenye riwaya iliyozaa filamu hii vilikuwa vya fedha. Studio ilivibadilisha ili rangi ilipe gharama yake. Shabiki makini huuliza kuhusu miti ya matofaa: Scarecrow anapochokoza miti, kwa kitambo kidogo miguu ya Dorothy inaonekana na viatu vyeusi. Nipo upande wa wanaosema ni viatu vya mazoezi, alivyovaa akidhani miguu haitaingia kwenye picha. Jozi iliyopo jumba la makumbusho la Smithsonian ina kitambaa kinene kwenye soli cha kuzuia kelele, ishara kwamba viatu hivi havikuwa rafiki wa jukwaa la mbao.

Nywele za Dorothy kwenye shamba la mahindi ni rahisi zaidi, hata kwenye simu utaona. Mara misuko inaishia mabegani, mara inashuka chini. Filamu ilipita mikononi mwa waongozaji kadhaa, Victor Fleming akapewa jina lake kwenye maandishi, na tukio hilo lilipigwa vipande kwa nyakati tofauti. Aliyekata na kuunga alichagua uimbaji mzuri akaziacha nywele zijitetee.

Hapa ndipo diski inapofika kikomo. Kwenye Msitu wa Mizimu, Scarecrow anatokea na bastola, Mtu wa Bati na spana kubwa, Simba Mwoga na wavu wa vipepeo na bomba la dawa ya kuondoa wachawi. Hakuna aliyewapa. Kuza picha utakavyo, jibu hulipati, kwa sababu hapo kuna wimbo mzima uliokatwa, "The Jitterbug", ambamo mdudu anawauma na kuwachezesha hadi wachoke. Ushahidi umebaki mdomoni mwa Mchawi wa Magharibi: anamwambia kiongozi wa nyani kwamba ametuma mdudu atangulie kuwamaliza nguvu. Mdudu huyo haonekani tena. Sauti ya wimbo ipo, na mtunzi Harold Arlen alipiga picha za mazoezi kwa kamera yake ya nyumbani. Vyote viwili vimewekwa kwenye nyongeza za matoleo ya nyumbani kwa miaka mingi. Visikilize kwanza, kisha rudi msituni. Tukio zima linasomeka upya.

Fumbo la sauti linahitaji visikizio vya maskioni. Mtu wa Bati wa kwanza alikuwa Buddy Ebsen, aliyelazwa hospitali baada ya kuvuta vumbi la alumini lililopakwa usoni. Jack Haley alichukua nafasi, safari hii kwa rangi ya kupaka badala ya vumbi. Haley aliimba upya wimbo wake peke yake, lakini nyimbo za kundi zilikuwa zimesharekodiwa. Sikiliza wanapoimba wanakwenda kumwona mchawi wa Oz: herufi "r" inayosikika wazi mwishoni mwa neno "wizard" ni ya Ebsen. Haley alikuwa wa Boston, na watu wa huko huimeza. Sauti ya diski imetandazwa kwenye spika 5.1 ilhali filamu ilirekodiwa kwa mono, yaani mkondo mmoja tu wa sauti, kwa hiyo usitarajie kumpata mwimbaji mmoja kwenye spika yake. Wote wako katikati.

Halafu hesabu. Scarecrow akishapewa cheti anatamka kwamba jumla ya vipeuo vya pili vya pande zozote mbili za pembetatu pacha ni sawa na kipeuo cha pili cha upande uliobaki. Kanuni ya Pythagoras inahusu miraba, tena ya pembetatu mraba, tena upande ulio mkabala na pembe mraba. Amekosea mara tatu ndani ya sentensi moja. Na si kwamba kanuni yake ni kweli mara chache. Haiwezi kuwa kweli hata mara moja. Chukua pande mbili zenye urefu wa 4 kila moja. Vipeuo vyake ni 2 na 2, jumla 4, kwa hiyo upande wa tatu lazima uwe 16. Lakini 4 na 4 ni 8, hazifikiani, pembetatu haifungi. Ukianza na upande wa 4 na ule wa tatu, inabidi wa tatu uwe sifuri. Mimi nasema ni utani wa waandishi: kukosea kwa ukamilifu namna hiyo kunahitaji akili. Wanaosema Bolger alisahau maneno hawajaniambia kwa nini hakuna aliyemrudisha.

Frank Morgan, kwa haraka: Profesa Marvel, bawabu wa Jiji la Zumaridi, mwendesha gari la farasi, mlinzi, na mchawi wa Oz mwenyewe. Watano, mtu mmoja. Kwenye 4K masharubu yanamuumbua.

Ninaipendekeza diski hii kwa mwenye TV yenye mwanga wa kutosha na deki ya kusogeza fremu. Asiye na hivyo asubiri. Na akishaipata, aanzie pale barabara ya matofali ya njano inapoanza kwa mzunguko kama konokono. Kuna matofali mekundu yanayozunguka sambamba nayo, yakatoka upande mwingine. Nimesimamisha kila fremu kabla umati haujaifunika, na barabara hiyo inaendelea kweli. Inakoelekea, filamu haisemi.