Umeme wa Bwawa la Nyerere ukifika Mbeya: tathmini ya mwenye mashine ya kusaga

Kwa mtu anayeendesha mashine ya kukoboa na kusaga hapa Uyole, umeme ni malighafi kama yalivyo mahindi, na ndivyo ninavyoupima tangu mitambo yote tisa ya Bwawa la Julius Nyerere, lililoko Mto Rufiji, ilipokamilika mwaka 2025.

Kwa wingi sina lawama. Mtera yenye megawati 80, Kidatu 204 na Kihansi 180, ambazo zimetubeba Nyanda za Juu Kusini kwa miaka mingi, ukizijumlisha hazifiki robo ya megawati 2,115 za Rufiji. Mgao wa mwishoni mwa 2023 ulilegea baada ya mtambo wa kwanza kuwashwa Februari 2024, na injini yangu ya dizeli imefunikwa turubai tangu wakati huo.

Alama za juu kabisa nazitoa kwenye fedha. Kihansi ilijengwa kwa msaada na mikopo ya Benki ya Dunia, Norway na wafadhili wengine, ilhali bwawa hili, lililogharimu takriban shilingi trilioni 6.5, limelipiwa na serikali yenyewe, yaani na sisi walipakodi, na ndiyo maana naona tuna haki ya kuuliza kinachofika kwenye mita zetu.

Hapo ndipo napunguza alama. Umeme wa Rufiji huingia kwenye gridi kwa njia ya kilovolti 400 hadi Chalinze, na kuja huku hutegemea njia ya zamani ya kilovolti 220 inayopita Kidatu, Iringa na Mufindi. Jioni, watu wa unga wanapojazana, taa hufifia, mota hunguruma bila kushika kasi na ukiigusa unakuta imepata moto, hivyo hulazimika kuzima kinu cha kukoboa ili cha kusaga kimalize debe lililomo. Njia mpya ya kilovolti 400 kutoka Iringa kupitia Mbeya na Tunduma hadi Sumbawanga imetegemea mkopo wa Benki ya Dunia pamoja na fedha za Ufaransa na Umoja wa Ulaya. Bwawa tumeliweza wenyewe, nyaya za kutuletea umeme wake tumezikopea, na kwa maoni yangu nyaya hizo zilistahili kupangiwa fedha siku ileile mkataba wa bwawa uliposainiwa, Desemba 2018.

Anayetaka kufunga mashine mwaka huu afunge ya umeme, aombe mapema umeme wa fezi tatu, ule wa kuendeshea mota kubwa, na injini ya dizeli asiiuze kabla njia hiyo haijawashwa.