Kifurushi cha amilesi ya pumba: bakteria wazuri, kijitabu hakifai Nairobi

Ndani ya kifurushi hiki, kinachouzwa hapa Nairobi, mna spora kavu (hali ya bakteria ya kusinzia, ngumu kuua) za bakteria Bacillus subtilis, chupa ya iodini, karatasi za kupimia pH (kiwango cha uchachu) na kijitabu. Kazi yake ni kuzalisha amilesi, kimeng'enya kinachovunja wanga, kwa kutumia pumba za ngano. Spora ni nzuri sana, siku moja tu zimeshaamka. Kinachoangusha ni kijitabu.

Kinaagiza pumba zichemshwe dakika 20 kwenye sufuria ya kawaida. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, na spora za bakteria wageni waliokuja na pumba hazifi. Tumia sufuria ya presha. Hata hivyo, presha ya psi 15, ambayo Mombasa hutoa nyuzi 121, hapa hufikia kama 118, kwa hiyo acha dakika 40.

Kipimo cha maji ni sahihi: mililita 150 kwa gramu 100 za pumba. Ukifumbata, zishikane bila kudondosha. Bakteria wa kifurushi wanahitaji hewa, basi tabaka lisizidi sentimita 2. Weka kwenye nyuzi 37 kwa saa 48. Chumba cha Julai hakifiki hapo, na kifaa cha kupasha joto unanunua mwenyewe.

Ushauri wa kuchanganya maganda ya maembe na mananasi uache kabisa. Sukari yake huwashibisha bakteria, nao hupunguza sana kutengeneza amilesi. Maganda ya viazi kutoka vibanda vya chipsi ndiyo yanayofaa, ila osha udongo wote, maana udongo umejaa spora nyingine.

Harufu ya uchachu ni dalili kwamba wageni wameingia. Ya amonia, kwamba umechelewa kuvuna.

Kuvuna: lita 1 ya maji baridi kwa kila gramu 100 za pumba ulizoanza nazo, koroga nusu saa, chuja kwa kitambaa, hifadhi kwenye friji. Kijitabu kinapima kwa wanga na iodini (pamoja huwa buluu, na wanga ukivunjwa rangi hufifia) lakini kinasahau jaribio la kulinganisha. Chemsha sehemu ya maji uliyochuja dakika 15, yapoe, uyapime sambamba na yasiyochemshwa. Rangi ya buluu ikififia pande zote mbili, kipimo chako hakithibitishi kimeng'enya chochote.

Usikaushe pumba hizo ukazisaga bila barakoa. Vumbi la vimeng'enya huleta pumu, na kijitabu hakitaji hilo hata mara moja.