Prosesa za bei nafuu kwa kompyuta ya mezani, na ninavyozipanga

Jamaa yangu mwenye steshenari alichukua Core i3-12100F kwa kuwa ilikuwa nafuu kidogo kuliko i3-12100. Akafunga mashine, akawasha, feni zikazunguka, skrini giza. Ile F mwishoni inamaanisha prosesa haina grafiki ndani, na kadi ya grafiki ikala zaidi ya alichookoa. Kwa hiyo hapa napanga kwa gharama ya mashine inayowaka.

1. Core i5-8500, ndani ya mashine iliyotumika. Ni ya 2018, ina viini 6 (sehemu za prosesa zinazofanya kazi kwa pamoja), na kwa kuchapa, mahesabu na mtandao inatosha na kubaki. Iko kwenye Dell OptiPlex 7060 au HP EliteDesk 800 G4, bodi (ubao mkuu prosesa inapokaa) na pawa saplai vimo humo humo. Muuzaji atakusogezea i5-6500 ya bei ya chini akisema "i5 ni i5". Sivyo. Windows 11 rasmi, kwa prosesa za Intel kama hizi, karibu zote inaanzia kizazi cha 8 (8500 ni ya 8, 6500 ni ya 6), na huduma ya kawaida ya Windows 10 iliisha 14 Oktoba 2025. Wala usijipe moyo kwamba utabadilisha prosesa baadaye: soketi zao (tundu la prosesa kwenye bodi) zote mbili zina pini 1,151, lakini bodi ya 6500 haijatengenezwa kuipokea 8500.

2. Ryzen 5 5600G, kama unajenga mpya. Viini 6, na grafiki yake inazipita zote hapa. Ila inategemea RAM ya mashine, basi weka vijiti 2 vya GB 8, si kimoja cha GB 16. Kwa kijiti kimoja gemu zitakwamakwama, nawe utailaumu prosesa bure.

3. Core i3-12100, bila F. Viini 4 tu, lakini kimoja kimoja vina kasi kuliko vya 5600G. Kwa gemu, grafiki yake ni dhaifu. Uliza kwanza bodi ni ya RAM aina ya DDR4 au DDR5, maana kijiti cha moja hakiingii kwenye nyingine.

4. Pentium Gold G7400. Viini 2. Labda kwa mashine ya kaunta. Tena inakaa kwenye bodi ile ile ya i3, kwa hiyo unachookoa ni kidogo.

Kwa mashine iliyotumika, stika ya kwenye kasha usiisome. Iwashwe mbele yako, bonyeza Ctrl+Shift+Esc, usome jina la prosesa kwenye ukurasa wa utendaji (Performance), ndipo utoe hela.