GeoGebra ya 3D kwa maswali ya ujazo wa mche, haya ndo maoni yangu

Jamani kama kuna mada ya jometri yenye fomula fupi alafu watu wanaikosa kila mtihani basi ni ujazo wa mche (prism), lile umbo lenye nyuso mbili za mwisho zinazolingana na kuelekeana, na mojawapo ya hizo ndo kitako hata kama haiko chini. Eneo la kitako mara kimo, imeisha hiyo. Hata ukimwamsha mwanafunzi usiku wa manane atakutajia. Shida inaanza akiwekewa mchoro, maana sasa inabidi aamue mwenyewe kitako ni kipi na kimo ni kipi, na maksi zote zinapotelea hapo. Mimi nafundisha wanafunzi hesabu kwa hiyo programu yoyote ya jometri naipima kwa hilo tu, je inamsaidia mtu aone kitako na kimo au inamrushia namba?

Chukua swali la kawaida kabisa. Mche umelala kama hema, mbele na nyuma ni pembetatu yenye pande za sm 10, 10 na 12, na ile 12 ndo iko chini, kutoka mbele mpaka nyuma ni sm 25. Tafuta ujazo.

Kuna wanaoona ule mstatili uliogusa chini, 12 kwa 25, wanasema si ndo kitako huo, kimekaa chini, wanatafuta kimo wanapata 8 wanazidisha inakuja 2400. Wengine wanajua vizuri kwamba kitako ni pembetatu ila wanachukua ule upande wa mshazari wa 10 wanaufanya kimo cha pembetatu, nusu ya 12 mara 10 ni 60, mara 25 ni 1500. Zote sio. Kimo cha pembetatu kinashuka wima kutoka kileleni, kinaigawa ile 12 kuwa 6 na 6, kwa Pythagoras 100 toa 36 ni 64, kipeuo chake cha pili ni 8, eneo ni 48, mara 25 unapata sentimita za ujazo 1200.

Sasa kwenye GeoGebra ya 3D, programu ya kuchora maumbo ya jometri, unaweka nukta tatu kwenye sakafu, (-6,0), (6,0) na (0,8), unaziunga zinakuwa pembetatu, alafu unachagua kifaa cha mche unakipa 25, kinainuka palepale na ujazo wake unajiandika pembeni, 1200. Kitu kinachonifurahisha ni kinachofuata. Mche wenyewe umesimama na pembetatu iko chini, unauzungusha kwa kidole taratibu mpaka ulale kama ulivyo kwenye swali, na mwanafunzi anaona kwa macho yake kwamba kitako hakijabadilika hata kidogo, kimeangalia upande mwingine tu. Baada ya hapo chora boksi la 12 kwa 8 kwa 25 liuzunguke, lenyewe linasoma 2400, kwa hiyo yule wa jibu la 2400 anaona kabisa kwamba amepima boksi zima wakati mche unakaa nusu yake. Hapo huhitaji maelezo mengi, anaelewa mwenyewe.

Alafu kuna mche wa mshazari, huu ndo unawatesa hata watu wazima. Ukiandika amri ya mche kwa nukta nne, tatu za kitako na moja ya juu, ile ya juu unaweza kuivuta pembeni upendavyo. Ivute bila kuipandisha wala kuishusha. Mche unainama, kingo za pembeni zinarefuka, na ile namba ya ujazo haitikisiki! Hili jambo Cavalieri, mwanahisabati wa Italia, aliliandika kwenye kitabu alichochapisha mwaka 1635, kwamba maumbo mawili yenye kimo sawa, ukiyakata kwa usawa wowote na vipande vikalingana eneo, basi ujazo nao ni sawa. Kwenye kitabu mstari huo unaupita tu, kwenye skrini unaushika. Kwa hiyo swali likikwambia kingo ina sm 10 na imeegemea nyuzi 60 toka kwenye kitako, kimo ni kama 8.66, sio 10.

Kuukunjua mche uwe bapa pia ipo, kuna slaida, kile kitufe cha kusogeza, inaenda 0 mpaka 1. Ni nzuri kwa eneo la nje, siielezei sana.

Vitu vya kujua kabla hujaanza: inatoa namba tupu bila vipimo, kwa hiyo swali likichanganya mita na sentimita ni kazi yako kubadilisha kwanza, na kumbuka mita moja ya ujazo ni sentimita za ujazo 1,000,000 sio 100. Nukta nayo ukiigusa inabadilisha namna ya kwenda, mara kwenye usawa wa sakafu mara juu na chini, angalia mishale inayotokea kabla hujavuta. Kwenye laptopu ni raha zaidi kuliko simu ndogo. Ukiiweka kwenye simu inafanya kazi hata bila intaneti, na kwa mwanafunzi na mwalimu ni bure, ilianzishwa na Markus Hohenwarter mwaka 2001 akiwa Chuo Kikuu cha Salzburg huko Austria na imeendelea kukua mpaka leo.

Nimejaribu pia zile programu za kupiga picha swali. Moja siitaji jina, ilisoma maneno vizuri ila mchoro haikuuelewa, ikachukua 10 kuwa kimo ikaleta 1500 na hatua zimepangwa safi kabisa, na hilo ndo linanitia hofu maana mtoto ataliamini. Kwa aljebra sawa, kwa mche hapana.

Cha mwisho, jaribuni hiki. Ule mche wa 1200 uite ABC chini na DEF juu, alafu chora piramidi tatu ndani yake, ABCD, BCDE na CDEF, kila moja rangi yake. Euclid, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, alionyesha zinalingana ujazo, ila ya katikati ukiizungusha haifanani kabisa na zile mbili za pembeni na wanafunzi wanabishana hapo mpaka basi, mpaka waangalie pembeni waone zote tatu zimeandikwa 400.