Seti ya kuziba tangi la gari la naitro: uzoefu wangu kwenye joto la Maskat

Gari langu ni Kyosho Inferno, gari dogo la kuendesha kwa rimoti, la kipimo cha 1/8 (sehemu moja ya nane ya gari halisi), injini ya 3.5 cc inayotumia mafuta ya naitro, yaani mchanganyiko wa methanoli, nitromethani na oili. Naliendesha Maskat, na hapa tangi lina kazi ngumu kuliko sehemu nyingine yoyote ya gari. Sehemu kubwa ya mafuta haya ni methanoli, na methanoli huchemka kwenye nyuzi 65 hivi. Jua la mchana juu, injini inayochoma pembeni, tangi la plastiki katikati: mafuta yanaanza kutoa mvuke kabla hujamaliza kupasha injini moto.

Seti niliyonunua si ghali, riali chache tu. Ndani ya kifuko mna oringi (pete za kuzibia) za silikoni za kifuniko, springi kali kuliko ile ya kiwandani, bushi za mpira za kufungia tangi kwenye chesisi, chujio la shaba la kukaa ndani ya tangi, na kipande cha karatasi ya kung'aa ya kukinga joto. Maelekezo hayamo. Aliyewahi kufungua tangi hatababaika, ila anayeanza atasumbuka na ile springi.

Kwa nini nihangaike na kifuniko? Kwa sababu gari hili halina pampu ya mafuta. Mpira mmoja unatoka kwenye ekzosi na kuleta mgandamizo wa moshi ndani ya tangi, na huo ndio unaosukuma mafuta hadi kwenye kabureta. Kifuniko kikivuja kidogo tu, msukumo unapungua, injini inapata hewa nyingi kuliko mafuta, na inachemka. Utazungusha sindano ya kabureta, ile skrubu ya kupimia mafuta, toka asubuhi mpaka magharibi na hutapata jawabu. Dalili yake mimi naijua kwa sikio: unaachia kitufe cha kasi kwenye rimoti, injini badala ya kutulia inaendelea kulia juu kwa muda, ndipo inashuka. Wengi hukimbilia kubadilisha plagi.

Kabla ya kufunga chochote nililitoa tangi, nikalisuuza na kuliacha likauke kabisa, maana methanoli ni sumu na hapa unapuliza kwa mdomo. Kisha nikaziba tundu moja la mpira kwa kidole, nikalizamisha kwenye ndoo ya maji na kupuliza kupitia tundu la pili. Viputo vikatoka upande wa bawaba ya kifuniko, vidogo vidogo, vimefuatana kama shanga. Upande wa mbele hakikutoka hata kimoja, kwa hiyo anayekagua kwa macho tu asingeona kitu. Nikatia oringi mpya na springi, nikazamisha tena: hakuna hata kiputo kimoja.

Barabarani tofauti niliiona siku hiyo hiyo. Zamani joto la kichwa cha injini lilikuwa linapanda kila tangi likikaribia kuisha, mpaka linapita nyuzi 125. Sasa linabaki kati ya 105 na 115, na sindano sijaigusa tena. Kwa hilo peke yake ningeinunua seti hii mara ya pili.

Bushi za mpira nazo zimenifurahisha. Tangi likifungwa moja kwa moja kwenye chesisi, mtikisiko unayafanya mafuta yatoe povu, na povu likiingia kwenye mpira injini inakatakata. Chujio ni zuri, zito, linakaa chini ya tangi hata gari likiinama kwenye kona. Karatasi ya joto sikuipenda: tone moja la mafuta likaingia pembeni, gundi ikalainika, ikabanduka.

Kuna wanaosema ubora wa tangi ni ukubwa. Sikubaliani nao. Kanuni za IFMAR, shirikisho la kimataifa la mbio za magari ya rimoti, kwa bagi (magari ya njia za vumbi kama langu) za 1/8 zinaruhusu 125 cc, pamoja na chujio na mpira mpaka kwenye kabureta, na madereva wa mbio hizo ndio wanaoshindana fainali ya dakika 60 na kusimama kujaza kila baada ya dakika chache. Mafuta ya 125 cc yana uzito wa zaidi ya gramu 100, yote upande mmoja wa gari. Ukiongeza tangi unaongeza uzito huo na kuchafua mwendo wa gari kwenye kona. Anayetaka kukata tangi na kuunganisha kipande kingine kwa gundi namwomba asifanye. Gundi nyingi hazishiki kwenye plastiki hii, na methanoli inalegeza hata zile zinazoshika.

Na hapa nasema kwa moyo wote, hasa kwa wanaocheza na watoto: moto wa methanoli kwenye jua hauonekani vizuri kwa macho. Tangi linalovuja karibu na ekzosi yenye moto linaweza kuwaka na usijue mpaka mkono umeungua. Kizimamoto kiwe karibu, mafuta yatiwe gari likiwa limezimwa, na yakikugusa ngozini uoshe hapo hapo.

Anayetaka kununua apime kwanza kipenyo cha kifuniko chake, kwani oringi za seti hii zinakaa vizuri kwenye tangi la bagi, lakini kwenye tangi la gari la rafiki yangu la 1/10 zilikuwa kubwa. Oringi za akiba ninazo tayari. Karatasi ya joto nimeitupa, na mahali pake nimeweka kipande chembamba cha alumini nilichokifunga kwa skrubu kati ya injini na tangi. Mpaka sasa hakijatikisika.