TAHADHARI: Dalali wa nyumba anayewawinda wanafunzi wenye familia Kampala

Ndugu zangu mnaojiandaa kuja kusoma Kampala, hasa mnaokuja na wenza na watoto, someni hii kabla hamjatuma hela ya nyumba kwa mtu yeyote.

Kuna dalali anazunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya Watanzania na Wakenya waliopata nafasi Makerere. Anaongea Kiswahili safi, na hapo ndipo anapowapata watu. Mji huu ni wa Kiluganda. Mgeni aliyeshinda siku nzima akibahatisha maneno na bodaboda na wenye maduka, akikutana na mtu anayemwita shemeji na kuuliza watoto wameamkaje, lazima moyo ulegee. Anajua pia kwamba mwenye familia hana muda: chuo kinafungua Agosti, shule za watoto zinaanza muhula wa tatu Septemba, na gesti na watoto watatu ni gharama. Kikoni na Wandegeya, mitaa ya jirani na chuo, kumejaa hosteli za wasio na familia, kwa hiyo yeye anakuletea picha za nyumba ya vyumba viwili Ntinda au Kyaliwajjala, ina uzio, shule iko jirani, laki saba za Uganda kwa mwezi.

Nyumba ipo kweli, na huo ndio ubaya wake. Anaikodi kwa siku chache, katika zile za wageni wa muda mfupi zenye samani, kisha anakuonyesha kila chumba akiwa na funguo mkononi. Samani eti ni za bosi, tumieni tu mpaka vyenu vifike. Anadai kodi ya miezi mitatu pamoja na mwezi mmoja wa udalali, na kwa kuwa madalali wengi wa hapa hudai hivyohivyo, hushtuki. Hiyo ni milioni mbili na laki nane. Mkataba? Bosi yuko Dubai, akirudi mtasaini.

Familia moja ya kutoka Mwanza ninayoifahamu walilala mle siku mbili. Ya tatu akaja mwenye nyumba na wageni wake wengine. Yule mama alitolewa nje na mtoto mchanga mgongoni, mvua inanyesha, na ada ya muhula ilikuwa imekwenda na hiyo kodi. Nina hasira mpaka leo.

Basi fanyeni hivi. Kabla ya kulipa, nendeni kwa mwenyekiti wa LC1, yaani serikali ya mtaa huo, mkamuulize nyumba ni ya nani. Barua yake mtaihitaji baadaye vilevile, kwa hiyo safari hiyo haipotei. Ombeni namba ya mita ya Yaka, ndiyo LUKU ya huku, mnunue umeme kidogo kwa simu: jina la mteja hutokea kabla hujaweka namba ya siri. Lisipofanana na la anayejiita mwenye nyumba, atoe maelezo mbele ya mwenyekiti. Na mkataba uwe wa maandishi. Sheria ya wapangaji ya Uganda ya mwaka 2022 inataka hivyo kwa upangaji wa kuanzia shilingi 500,000, kwa hiyo hamuombi fadhila.

Huyu bwana hupokea pesa kwa laini yenye jina la mtu mwingine na kusema ni ya mkewe. Ukiona hivyo, usithibitishe malipo.

Kama umeshatuma, piga 100 saa hiyohiyo, iwe MTN au Airtel, uombe muamala uzuiwe. Kisha nenda kituo cha polisi kilicho karibu na ujumbe wote mlioandikiana, na usitoke bila namba ya SD, yaani namba ya malalamiko yako kwenye daftari la kituo.

Namba anazotumia ninazo mbili. Siziweki hapa kwa sababu laini zina majina ya watu ambao huenda hawajui lolote. Mwenye namba anayoitilia shaka aniandikie pembeni, nimlinganishie.